Corolla 110 inachemsha mlimani tu, foleni haina shida. Nianzie wapi?

Kijana_Kimara

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijaichukia hii gari. Ni Corolla 110, injini 5A, gia otomatiki, nilinunua kwa mtu mwishoni mwa mwaka jana ikiwa na kilomita laki mbili na kitu kwenye dashibodi (za kweli mnajua wenyewe mambo yalivyo). Mjini iko vizuri kabisa, foleni ya Kimara hadi Ubungo saa nzima AC inawaka na mshale wa temperecha umetulia chini ya nusu, hata hautikisiki.

Shida imeanza wiki mbili zilizopita tunaenda nyumbani Mafinga na familia. Baada ya Chalinze nikikanyaga kufika mia naona mshale unapanda kidogo kidogo, nikipunguza unarudi, nikasema labda jua. Ruaha Mbuyuni tukasimama tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya semi. Katikati ya mlima mshale ukagusa nyekundu. Nikasema nivumilie nipate sehemu pana ya kupaki, mara mshale ukashuka wenyewe ghafla mpaka chini, nikamwambia mama watoto umeona, imejirekebisha yenyewe. Dakika mbili mbele boneti yote inafuka kama sufuria ya ubwabwa.

Tulikaa pale zaidi ya saa, ikapoa, nikajaza maji chupa tatu za lita moja na nusu, tukafika. Kurudi Dar mteremko haikusumbua. Sasa fundi wa mtaani anasema hedi gasketi (ile ya kuziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) tufungue, fundi wa pili anasema wota pampu (ya kuzungusha maji), shemeji yangu anasema niuze. Maji yanapungua kama nusu lita kwa wiki na chini sioni hata tone. Oili ni safi. Hela ya kubahatisha sina wakuu, mnielekeze nianzie wapi.

Baba_Junior

Toa thamostati mkuu, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Hivyo vitu vimewekwa kwa ajili ya baridi ya Japani, hapa Dar vinabana maji tu. Mimi Carina yangu niliitoa huu mwaka wa tano sijawahi kuchemsha.

Mnyalu_wa_Ipogolo

Hedi gasketi hiyo usijidanganye. Maji yanapungua nusu lita kwa wiki na chini hakuna tone, sasa yanaenda wapi, mbinguni? Mimi nilikuwa na Noah dalili hizo hizo, nikabishana na fundi miezi mitatu naongeza maji tu kila asubuhi kama nanywesha ng'ombe, mwisho wake ikanoki nikiwa Mtera na ikabidi ninunue injini nzima. Fungua mapema mdogo wangu.

FundiSpana14

Kijana pole na safari. Nianze na huo mshale maana umeniumiza roho. Haukujirekebisha. Sensa ya geji inapima maji, maji yalipokimbia ikabaki inaning'inia kwenye mvuke ikawa haisomi vizuri. Mshale ukigonga nyekundu halafu ukadondoka wenyewe na wewe hujafanya kitu, hapo hapo zima, hata kama nyuma kuna basi linakupigia honi. Zile dakika mbili ulizotembea baada ya hapo ndo zinapindisha hedi, kwa sababu hedi ya 5A ni aluminiamu na bloku ni chuma, vikipata joto bila maji kila kimoja kinatanuka kivyake.

Sasa kabla ya kushika spana jiulize kitu kimoja tu, INACHEMSHA LINI. Gari inayochemsha ikisimama au kwenye foleni halafu ikitembea inapoa, hiyo shida yake ni upepo, angalia feni, rilei, fyuzi, swichi ya feni. Ikitembea upepo unaingia wenyewe mbele ndo maana inapoa. Ya kwako ni kinyume chake, foleni poa, ukiikamua inachemsha. Hapo feni haina kesi, upepo upo wa bure. Hapo injini inatengeneza joto kuliko maji yanavyoweza kulitoa, maana yake ama maji hayazunguki ya kutosha au rejeta haipoozi. Wota pampu inaweza, mkanda wake ukiteleza inaweza, hozi ya chini ikiwa imelainika inajifinya injini ikikimbia kwa sababu pampu inanyonya upande huo, nayo inaweza. Ila kwa gari ya umri huo dau langu naweka kwenye rejeta.

Hedi gasketi na yenyewe inaweza kuleta hayo hayo, Mnyalu hajakosea kuitaja, ila hedi haifunguliwi kwa hisia bwana. Inapimwa kwanza. Kesho asubuhi kabla hujawasha gari bonyeza hozi kubwa ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu kama imepigwa upepo wakati injini imelala usiku kucha, presha ya silinda inaingia kwenye maji, hapo anza kuogopa. Ikiwa laini kawaida, vizuri. Ikiwa imefinyika kama chupa ya plastiki iliyonyonywa, njoo uniambie.

Halafu injini ikiwa bado ya baridi fungua mfuniko, jaza maji mpaka shingoni, legeza mkanda unaozungusha wota pampu ili maji yatulie, washa dakika moja tu usizidishe, mtu mwingine akanyage kidogo kidogo. Maji yametulia yenyewe, sasa ukiona mapovu madogo madogo yanakuja mfululizo na yanaongezeka ukikanyaga, hiyo ni gesi ya silinda. Mapovu mawili matatu mwanzoni ni hewa iliyobaki usipige kelele.

Ukishafunga mkanda, iwashe mpaka ipate moto kabisa, zima, CHOMOA BETRI kwanza kwa sababu siku hizi watu wanaunga feni kiholela, halafu pitisha kiganja taratibu kwenye uso wa rejeta kushoto kwenda kulia. Ukikuta sehemu ya moto na sehemu ya baridi, ile ya baridi maji hayapiti.

Na mfuniko usifunguliwe wa moto. Nina mtu gereji kwangu ana alama shingoni mpaka leo.

FundiSpana14

Nimesahau, Baba Junior njoo hapa kaka yangu. Thamostati ya hizi 5A, 4A, 7A ina vali mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini inafunga njia ya baipasi, ile njia fupi ambayo maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa ya baridi baipasi iko wazi, ikipata moto vali ya chini inaziba baipasi na maji yote yanalazimishwa kwenda rejeta. Ukiitoa, baipasi inabaki wazi maisha, maji yana njia mbili na maji ni mvivu yanapita palipo rahisi. Kwenye manyuo ya Toyota, kile kitabu cha mafundi, wameandika kabisa kwamba gari ikiwa inachemsha kutoa thamostati kunapunguza upoozaji. Kwa hiyo rejeta ikiwa safi hutajua, utaishi miaka mitano kama wewe. Rejeta ikianza kuziba, maji yanaikwepa na kurudi baipasi, na hapo ndo mtu anakutana na Kitonga.

Kijana hebu angalia kama yako ipo. Injini ya asubuhi ikichukua nusu saa mshale ndo unaanza kunyanyuka, na usiku barabara nyeupe mshale unashuka, basi kuna mtu alishaitoa.

Baba_Junior

Mimi sibishani na manyuo, nasema gari yangu haichemshi 😀

Binti_wa_Gerezani

Nauza spea, sio fundi, ila acheni niongee la mfuniko kwa sababu watu mnaudharau. Mtu anakuja kununua rejeta, hedi gasketi, wota pampu, namuuliza mfuniko uliangalia, ananiangalia kama nimemtukana. Mfuniko wa rejeta una kazi mbili. Kwanza unashika presha. Umeandikwa 0.9 au 1.1 pale juu, hiyo ni presha unayoshika kabla haujaachia. Maji ya Dar bila presha yanachemka 100, yakiwa chini ya mfuniko wa 0.9 yanafika karibu 119 ndo yachemke. Sasa Iringa mjini huko mita 1,500 na zaidi, maji ya wazi yanachemka kwenye 95 tu, kwa hiyo mfuniko ukiwa umekufa Dar unaweza usijue, mlimani unajua. Pili una kivali kidogo katikati chini, ukikivuta kwa kucha kinatakiwa kufunguka na kurudi. Hicho ndo kinaruhusu maji yaliyokimbilia kwenye kitanki cha akiba kurudi kwenye rejeta injini ikipoa. Kikigoma, maji yanatoka hayarudi. Kitanki kinajaa, rejeta inapungua, na mtu anasema maji yanapotea hayaonekani.

Na usije ukaambiwa weka wa 1.1 badala ya 0.9 eti ndo mkali zaidi. Matanki ya juu na chini ya hizo rejeta ni plastiki ya miaka 25, utayapasua.

Jingine, maji ya kisima. Visima vingi Dar vina chumvi, mtu anajaza mwaka mzima halafu anashangaa rejeta imejaa unga mweupe. Kulanti ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa chumvi, au kama huna kabisa basi ya mvua, ila sio ya kisima jamani.

Mzee_wa_Fuso

Vijana hamjambo. Mimi nimeendesha njia ya Mbeya tangu enzi Kitonga ina mashimo. Nakuongezea la udereva tu maana ya spana wameshamaliza. Mlima mrefu na gari inaanza kupanda joto, zima AC, halafu washa hita kwenye joto la mwisho na feni ya ndani namba ya mwisho. Mtatoka jasho lakini hita ni rejeta ndogo, inavuta joto la injini inalileta kwenu. Usimng'ang'anie semi mgongoni, upepo wake ni wa moto na moshi, mwache aende. Otomatiki yako iondoe kwenye D weka 2 ili injini izunguke na pampu izunguke, usiiache inabebana na gia kubwa. Ukiona inaelekea nyekundu lakini maji bado yapo, simama, weka N, iache izunguke dakika kadhaa ipoe na feni, ila ikishafuka mvuke zima. Na usiimwagie injini maji ya baridi. Niliona kijana pale pale Kitonga kaimwagia ndoo nzima, hedi ikapasuka tukaisikia.

Kijana_Kimara

Nimerudi na majibu wakuu, fundi wa mtaani ameninunia lakini amekubali kupima.

Hozi ya juu asubuhi: imefinyika! kabisa, imenywea katikati kama alivyosema FundiSpana. Kitanki cha akiba kimejaa mpaka mdomoni, mfuniko nilipofungua rejeta iko chini sana. Nikavuta kile kivali cha Binti, kimegandamana na kutu hakisogei. Mpira wa mfuniko nao una nyufa. Kumbe muda wote naongeza maji kwenye rejeta wakati kitanki kimejaa na mengine yanamwagikia barabarani nikiwa mwendo ndo maana nyumbani sioni tone.

Mapovu: hakuna, tumewasha mara mbili, maji yametulia kama kwenye kisima.

Rejeta: upande wa kushoto karibu nusu ni baridi, yaani unaweza kulaza mkono, upande wa kulia huwezi kugusa. Na betri nilichomoa, na ilikuwa sawa kwa sababu feni IMEUNGWA dairekti, inazunguka muda wote ufunguo ukiwa on. Mwenye gari wa zamani aliunga. Ndo maana foleni haichemshi.

Thamostati: fundi kafungua nyumba yake akacheka peke yake. Hakuna kitu. Imebaki gasketi tu.

Sasa swali, rejeta niioshe au ninunue? Kuna jamaa anasema anazibua kwa asidi.

FundiSpana14

Umeona sasa. Ungetoa hela, hedi ungeifungua ungeirudisha na gari ingechemsha vile vile, kisha fundi angesema hedi imepinda.

Asidi achana nayo. Rejeta za zamani za shaba tulikuwa tunafungua tanki la juu tunapitisha vyuma kwenye mirija tunafunga kwa risasi, zilikuwa zinakubali. Hizi ni aluminiamu nyembamba na tanki la plastiki limebanwa, asidi inakula mirija kabla ya uchafu na ukiibandua plastiki mara nyingi hairudi sawa. Ikiwa nusu imeziba nunua. Ila sema kwa muuzaji OTOMATIKI. Rejeta ya otomatiki ina mabomba mawili ya mafuta ya giaboksi yanaingia tanki la chini, ukichukua ya manyuo huna pa kuyafunga. Na ujue giaboksi yako nayo ilikuwa inachemka pale Kitonga maana inapoozwa na maji yale yale, chomoa kijiti chake unuse, yakinuka kuungua badilisha.

Thamostati weka, ya nyuzi 82 ndo yake, inaanza kufunguka kati ya 80 na 84. Ukitaka kuipima kabla ya kufunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji ikining'inia kwenye uzi isiguse chini, pasha, ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Kuna kipini kidogo kinachochezacheza pembeni yake, hicho kikae juu, ndo kinatolea hewa. Wengi wanakiweka chini halafu hewa inakwama na gari inachemsha siku hiyo hiyo wanalaumu spea.

Feni nayo irudishe kwenye swichi yake. Kwenye hizi 110 swichi ikiwa ya baridi inashika, ikipata moto inaachia na feni inawaka, kwa hiyo ukichomoa soketi yake na ufunguo uko on, feni inatakiwa kuzunguka. Ikizunguka, nyaya na rilei ni nzima, mbovu ni swichi. Ni kitu kidogo, huyo jamaa wa zamani aliona uvivu tu.

Kujaza: pua ya gari iinuke kidogo, kata chupa ya maji mdomo iwe mrija, ichomeke shingoni, hita kwenye moto, jaza taratibu, iache iwake mpaka feni iwake mara mbili, unaongeza mapovu yakitoka, unabonyeza bonyeza hozi ya juu. Usiwe na haraka, ni nusu saa.

Mnyalu_wa_Ipogolo

Haya nimekubali sio gasketi. Lakini usiseme imepona mpaka uvuke Kitonga.

Kijana_Kimara

Nimefunga vyote: rejeta mpya ya otomatiki, mfuniko 0.9, thamostati, swichi ya feni, kulanti ile nyekundu. Mafuta ya giaboksi yalikuwa meusi nimebadilisha. Fundi aliweka kipini chini nikamwambia hapana, akaniuliza wewe umesomea wapi 😀

Jumamosi nimeenda Chalinze na kurudi. Kitu kimoja kinanitisha, mshale sasa hivi unakaa juu kidogo kuliko zamani, karibu nusu kamili. Zamani ulikuwa chini. Unaganda hapo hapo haupandi haushuki hata nikiwa mia. Ni kawaida?

FundiSpana14

Hapo ndo mahali pake. Zamani ulikuwa unaangalia gari isiyo na thamostati, ilikuwa baridi kuliko inavyotakiwa mjini na inakula mafuta. Usiiguse.

Kijana_Kimara

Wiki tatu baadaye. Niko Ilula hapa, nimepaki nakula mahindi. Nimepanda Kitonga nyuma ya malori mawili, AC nilizima alivyosema Mzee, mama watoto ndo alikuwa anaangalia mshale, mimi amenikataza. Haujatoka pale. Asubuhi hozi ni laini na kitanki kiko kwenye mstari.

Mnyalu_wa_Ipogolo

Karibu nyumbani. Mahindi ya Ilula usile moja.

Baba_Junior

Hongera kijana. Mimi bado sijaweka thamostati na sichemshi.

FundiSpana14

Wewe mwisho wa safari yako ni Kibaha.